Siku Breki Alipobadilisha Betri

Walimwita Breki, na jina hilo hakupewa kwa mzaha. Aliendesha mabasi ya abiria miaka thelathini na mmoja bila kugonga mtu, wala gari, wala hata kuku. Makondakta waliofanya kazi naye walinung'unika kwamba basi lake linachelewa, kwamba anasimama kwenye kila kivuko hata kama hakuna anayevuka, kwamba abiria wanasinzia mpaka wanapitilizwa vituo vyao. Yeye aliwaacha waseme. Dereva mmoja alipoandika nyuma ya basi lake "Ajali haina kinga", Breki alimfuata akamwambia afute. "Ina kinga," alisema. "Kinga yake ni mguu wa kulia." Wakamcheka, lakini kampuni ilipotafuta mtu wa kuwafundisha madereva wapya, haikuuliza mara mbili ni nani.

Alistaafu akiwa mgane, na goti la mguu huohuo wa kulia likiwa limechoka. Akaenda kuishi kwa dada yake mkubwa. Huyo dada ndiye aliyemlea. Mama yao alipofariki, Breki alikuwa na miaka minne na dada kumi na mitatu, na msichana yule alijifunza kushona kwa sababu mdogo wake alikuwa hana shati. Hakuacha kushona tena. Sasa alikuwa na miaka sabini na mitano, sikio la kushoto limekwisha kazi na la kulia linafanya kazi linapotaka, lakini mikono ilikuwa ileile. Shule tatu zilimletea vitambaa vya sare.

Nyumba waliyoishi ilijengwa na mtoto wa dada, aliyekuwa akifanya kazi mbali na kuja mara moja kwa mwaka. Aliijenga kwa mipango mikubwa, akaiwekea gereji ya gari ambalo mpaka leo halijanunuliwa. Gereji haikai tupu kwenye nyumba ya fundi cherehani. Dada aliingiza cherehani yake ya umeme, meza ya chuma, marobota ya vitambaa, kiti chenye mto, na kila asubuhi akawa anaketi pale mlangoni kabisa, nusu ya meza ndani na nusu nje, kwa sababu macho yake yalitaka mwanga wa jua na si wa taa.

Mlango wenyewe ulikuwa bapa la chuma linalopanda darini kwa mota na kushuka kwa mota. Uliendeshwa kwa rimoti ndogo yenye kitufe kimoja tu. Ukibonyeza unashuka, ukibonyeza tena unasimama, ukibonyeza tena unapanda. Karibu na sakafu, kushoto na kulia, palikuwa na vijidude viwili vinavyotazamana ambavyo mafundi huviita macho. Kitu kikikatiza katikati yao, mlango unasita na kurudi juu. Ndivyo ulivyotengenezwa na watu wenye akili zao.

Lakini kila alasiri jua lilipiga moja kwa moja kwenye jicho la kulia, na mlango ukagoma kufunga. Breki alihangaika nao wiki nzima. Akauwekea kivuli cha kadibodi, akalipangusa jicho, akaukemea. Mwishowe akafanya wanavyofanya mafundi wengi wa mitaani: akayang'oa macho yote mawili, akayafunga kwa utepe wa gundi juu kwenye boriti, yakitazamana kwa karibu kama wachumba, yasiweze kuona kitu kingine chochote duniani. Tena, kwa kuwa reli ilikuwa imepinda kidogo na mlango ukikwama, akakaza skrubu ya mota ili isukume kwa nguvu zaidi. Tangu siku hiyo mlango haukugoma tena.

"Sasa mlango utamwonaje mtu?" dada aliuliza.

"Nitamwona mimi," Breki alisema.

Na haki ya Mungu alikuwa akimwona. Kila jioni alisimama hatua mbili kutoka mlangoni, akatazama kushoto, akatazama kulia, akainama kutazama chini ya meza, akamwambia dada asogee, ndipo akabonyeza. Hakuwa na hiari sana. Betri ya rimoti ilikuwa imechoka kiasi kwamba ukisimama hatua tatu haikusikika. Ilibidi aisogeze mpaka karibu na mota, mkono juu, abonyeze mara nne, mara tano. Betri ile iliyokuwa inakufa ndiyo iliyomlazimisha mtu asimame palepale pa kuona, na hakuna aliyeifikiria hivyo, si Breki wala dada.

Dada ndiye aliyemtuma.

"Unaupungia mlango mkono kama mtu anayefukuza nzi," alimwambia Alhamisi moja baada ya chakula cha mchana. "Nenda kabadilishe hiyo betri, majirani watasema mdogo wangu amerukwa na akili."

"Na wakisema?"

"Wataniuliza mimi. Nenda."

Breki akacheka, akatia rimoti mfukoni. Alipogeuka kwenye kona ya kichochoro, dada alikuwa amekwisha kuinamia cherehani. Kaptura sitini zilitakiwa Jumatatu.

Kibanda cha fundi saa kilikuwa mbali, kwa hesabu ya Breki. Unatoka kichochoroni, unakata kushoto, unanyoosha barabara kubwa mpaka kituo cha mafuta, unazunguka pale, unarudi na barabara ya pili, unapita duka la dawa, ndipo unafika kwenye safu ya vibanda vilivyoegemea ukuta mrefu. Kilomita moja na ushee. Dereva wa miaka thelathini na mmoja hajui umbali mwingine. Kwake mahali pako mbali au karibu kwa kadiri barabara inavyosema, na ukimwuliza ni nini kilichopo nyuma ya ukuta fulani atakwambia hajui, huko hakupiti gari.

Fundi saa alikuwa mtu mnene mwenye saa kumi na tisa ukutani, kila moja na wakati wake. Watu walimtania kwamba ukitaka kuchelewa, umwulize yeye saa ngapi. Mganga hajigangi. Mbele ya Breki alikuwepo mwalimu mmoja wa kike akisubiri mkanda wa saa yake.

"Karibu mzee wangu. Nini leo?"

"Rimoti ya gereji. Betri imekata roho."

Fundi akachukua bisibisi nyembamba, akafungua skrubu moja ya mgongoni. Ndani kulikuwa na betri fupi, nene kiasi cha kipande cha chaki, imetoa ute mweupe upande mmoja. Akaitoa kwa ncha ya kisu, akakwangua kijichuma kilichoshika kutu, akapulizia, akakipangusa kwa kitambaa chenye spiriti. Akapachika betri mpya, akarudisha kifuniko na kukaza skrubu.

"Bonyeza tuone."

Breki akabonyeza. Kitaa chekundu kikawaka, chekundu kweli, si ule wekundu wa kuombaomba aliouzoea.

"Ehee!" alisema. "Imefufuka!"

Nyuma ya ukuta kitu kilinguruma. Ilikuwa sauti nzito ya chuma kinachosuguana na chuma, ikikwama kidogo katikati na kuendelea.

"Bonyeza tena, uishikilie nione kama kile kijichuma kinagusa vizuri," fundi alisema. Breki akabonyeza. Mngurumo ukakoma.

"Hapo safi. Utaitumia miaka miwili."

Breki alikuwa na furaha ya kitoto. Akamgeukia mwalimu, akamwonyesha. "Mwanangu, hebu tazama taa hii. Nilikuwa naibonyeza mpaka kidole kinaota sugu." Akabonyeza. Mwalimu akatabasamu kama watu wanavyotabasamu kwa wazee. Nyuma ya ukuta mngurumo ukaanza tena.

"Kuna mlango wa mtu hapo nyuma unalia," fundi alisema akitafuta chenji. "Siku nyingi nausikia, asubuhi na jioni. Leo naona wameamka vibaya."

"Mwambie mwenyewe apake grisi," Breki alisema. "Wangu nao unalia hivyohivyo. Milango hii yote ni ndugu."

Wakacheka wote watatu. Akalipa, akaaga. Na alipokuwa akitoka, kama alivyozoea kuwaaga watu wa vituoni kwa kupiga honi moja fupi, akainua rimoti na kuibonyeza mara moja zaidi.

Alitembea taratibu. Mwenda pole hajikwai, na goti lilikuwa halitaki haraka. Akapita duka la dawa akamsalimia mwuzaji. Akapita watu wanaopakua saruji. Kitu fulani kilikuwa kinamkera na hakujua ni nini. Alidhani ni joto. Akadhani amesahau kununua kitu. Akafika kwenye mzunguko wa kituo cha mafuta, mahali ambapo barabara inapanda kidogo na unaweza kuona mapaa ya bati ya mtaa mzima, akasimama kuupumzisha mguu, akatazama nyuma alikotoka.

Akaliona bango la fundi saa. Na juu ya bango hilo, karibu sana, kana kwamba limewekwa kwenye paa la kibanda, aliliona tangi la maji la buluu lenye kifuniko kilichogandamizwa kwa tairi kuukuu.

Tairi lile alilipandisha mwenyewe.

Alilitazama tangi, akalitazama bango, akalitazama tangi tena. Hapakuwa na kilomita. Palikuwa na ukuta, na nyuma ya ukuta uwanja mdogo, na baada ya uwanja nyumba yao. Hatua arobaini pengine. Barabara ndiyo iliyokuwa inazunguka. Mawimbi ya rimoti hayapiti barabarani, hayana habari na kituo cha mafuta. Na mlango uliokuwa unalia nyuma ya ukuta, aliousema upakwe grisi, akauchekea, ulikuwa wake.



Akaanza kuhesabu. Nimebonyeza mara ngapi? Ya kwanza, taa. Ukashuka. Ya pili, ya kijichuma. Ukasimama. Ya tatu, kwa mwalimu. Ukapanda. Je, ulipanda mpaka mwisho? Ya nne, ya kuaga. Kama ulikuwa umefika juu, basi ukashuka tena. Kama ulikuwa bado unapanda, ukasimama njiani. Na kama ile ya pili aliibonyeza mara mbili? Alijaribu kukikumbuka kidole chake mwenyewe, hakukikumbuka. Kila alivyohesabu alipata jibu jingine, na katika nusu ya majibu hayo dada yake alikuwa chini ya mlango usioona mtu, uliokazwa skrubu usisimame kwa lolote.

Akatoa simu, akampigia. Iliita mpaka ikakata. Akapiga tena. Iliita. Huyo dada hasikii simu hata ikiwa mapajani, cherehani ikiwa inakwenda, alijiambia, ndiyo maana hapokei. Na kama cherehani haiendi?

Mkono wa pili ulikuwa bado umeishika rimoti. Wazo likamjia abonyeze, aufungue mlango kutoka huku. Kidole kikaenda mpaka kwenye kitufe, kikaganda. Utapanda au utashuka? Akakiondoa kidole. Akatamani kuitoa ile betri, lakini kifuniko kilikuwa cha skrubu na bisibisi ilikuwa kwa fundi. Basi akaibeba rimoti juu ya kiganja kilichokunjuliwa, kitufe kikitazama mbinguni, kama mtu aliyebeba yai bichi, akaanza kukimbia.

Watu waliomwona siku ile walisema hawajawahi kumwona Breki akikimbia. Goti lilimuuma akalitukana. Akavuka barabara kubwa bila kutazama kushoto wala kulia, pikipiki ikampigia honi, mwendeshaji akamwita mzee mjinga. Hakusikia. Alikuwa akitega sikio, akitafuta sauti ya cherehani. Kutoka mwanzo wa kichochoro husikika kila siku. Alifika mwanzo wa kichochoro, na kulikuwa kimya.

Mlango ulikuwa umeshuka mpaka kimo cha meza. Ulikuwa umeilalia meza ya chuma katikati, na meza imeinama. Mto wa kiti ulikuwa chini vumbini. Kaptura za buluu zilimwagika nje.

Na juu ya ile nusu ya meza iliyokuwa nje palikuwa na mkono wa kulia wa dada yake, kuanzia kwenye vifundo vya vidole. Vidole vinne, na kidole cha kati kimevaa kofia ya kushonea. Sehemu iliyobaki ya mkono huo ilikuwa upande wa pili wa chuma, pamoja na dada.

"Dada!"

Kutoka ndani, chini chini, sauti yake ikasema, "Ni wewe?"

Breki akapiga magoti, akachungulia chini ya meza. Aliyaona magoti ya dada na kilemba kilichofunguka. Alikuwa amekaa sakafuni, mkono umening'inizwa juu ya kichwa chake.

"Uliposhuka mara ya kwanza niliuona kivuli," alisema dada, polepole, akivuta pumzi kati ya maneno. "Nikajitupa ndani. Ukasimama, ukarudi juu. Nikasema huyu amerudi, anajaribu betri yake. Nikakuita. Nikasema ngoja niivute meza ndani, asije akaniharibia cherehani. Ndipo ukashuka tena."

Breki akasimama, akashika ukingo wa mlango kwa mikono yote miwili, akavuta mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Mlango haukutikisika, mota ilikuwa imeukaba. Jirani wa upande wa kulia, seremala, akaja mbio na nondo. Wakajaribu kuinua. Chuma kikainuka upana wa ukucha, kikarudi, na dada akatoa sauti ambayo Breki hakuwahi kuisikia kwake, hata siku ya kumzika mama.

"Acheni!" dada alisema. "Acheni, mnaniua. Bonyeza hicho kidude chako."

"Sijui utakwenda wapi, dada."

"Nini?"

"Sijui utapanda au utashuka! Umesimama katikati, sijui ulikuwa umefikia wapi. Ukishuka…" Hakumaliza.

Seremala akaitazama rimoti pale chini Breki alipokuwa ameiweka, akarudi nyuma hatua moja.  Breki alikuwa analia na hakujua kwamba analia. Hakika ambayo aliishi nayo miaka yote, kwamba mguu ukikanyaga gari husimama, hapa haikuwepo. Palikuwa na kitufe kimoja tu, na hakuna aliyejua maana yake.

"Mdogo wangu," dada alisema kutoka ndani, kwa sauti aliyokuwa akimwitia zamani aingie ndani giza likiingia. "Hata mimi sijui. Vidole sivisikii tena. Bonyeza."

Akaiokota. Akaelekeza kwa mota. Akafumba macho, yeye ambaye hakuwahi kufumba macho mbele ya kitu chochote kinachokwenda, akabonyeza.

Mota ikanguruma. Ikakwama. Kwa muda wa pumzi moja mlango haukwenda juu wala chini, ukatetemeka palepale juu ya vile vidole. Kisha ukapanda.

Dada hakupiga kelele. Aliuvuta mkono wake, akauweka kifuani, akaufunika kwa kaptura ya shule aliyoikuta karibu. Breki alipomkimbilia kumshika, akamgeuzia bega. "Usitazame," alisema. Akamwonyesha mke wa seremala, aliyekuwa amemfuata mumewe, si yeye.

Kwenye zahanati daktari alikaa naye saa nzima nyuma ya pazia. Alipotoka alimwambia Breki kwamba vidole viwili vimeokoka na viwili havikuokoka. Breki akaitikia "Ndiyo" kana kwamba ameulizwa swali. Baadaye akaja muuguzi kijana mwenye daftari kubwa, akaketi kwenye ukingo wa kitanda. Alikuwa akiishi mtaa uleule na alimwamkia Breki kwa heshima, kwa kuwa baba yake alifundishwa udereva na Breki.

"Pole sana, bibi. Niambie ilikuwaje, niandike."

Dada alikuwa amelala, bandeji nyeupe imefika kwenye kiwiko. Alimtazama mdogo wake aliyekaa kwenye benchi, ameupakata mkoba wa dada. 

"Nilijibana mwenyewe," alisema. "Nilikuwa nafunga mlango. Uzee tu."

"Ulikuwa peke yako?"

"Peke yangu. Mdogo wangu alikuwa ametoka."

Muuguzi akamgeukia Breki, kwa adabu tu, kama mtu anayempa mzee nafasi ya kuongeza neno. Breki akafungua kinywa. Neno lilikuwepo, fupi, alilihisi ulimini. Dada akafumba macho.

"Ndivyo, babu?"

"Ndivyo," Breki alisema.

Muuguzi akaandika, akapiga mstari chini, akafunga daftari.